Shule ya Mama

Maziwa ya unga yakiungulia ndani ya uji wa mtama hutoa harufu isiyofanana na kitu kingine. Si ya chakula kilichochacha, wala si ya moshi mtupu. Huanza na utamu kidogo, kisha hukukaba kooni. Juzi mtoto wa jirani yangu hapa Arua aliusahau uji jikoni, harufu ikapita juu ya ua, nami nikajikuta nimesimama na nguo mbichi mkononi, sikumbuki nilikuwa naianika wapi. Wenzangu mliorudi kutoka Sudani na Zaire mkiwa wadogo, matumbo mbele na nywele nyekundu, mnaijua harufu hiyo. Tuliipangia mstari. Lakini kwangu mimi ni harufu ya baba yangu, ameketi katikati ya wanawake wanaonyonyesha, ameshika kijiko kama mtu aliyeambiwa kwamba kitalipuka.

Baba alikuwa askari wa jeshi lililoshindwa. Lilipovunjika alikimbia kama wengine wa Koboko, na mimi nikazaliwa ng'ambo, kambini, upande wa Sudani. Nyumbani kwetu Kuluba palikuwa jina tu mdomoni mwa wakubwa. Tuliporudi tulikuta nyasi zimemeza kila kitu. Mama alipatambua palipokuwa jiko lake kwa sababu mafiga yalikuwa bado yameketi pale chini ya majani, meusi. Alicheka siku hiyo. Alikuwa na mimba kubwa, akaanza kulima muhogo hivyo hivyo, akiinuka mara kwa mara kushika kiuno.

Alijifungua mtoto wa kike mvua zilipoanza. Baada ya hapo nakumbuka joto la mwili wake nililolisikia kupitia mkeka, na wanawake wanaingia na kutoka na maji. Asubuhi moja nilipelekwa kwa jirani, nikapewa mahindi ya kuchoma, nikacheza na watoto wa pale mpaka jua likashuka. Niliporudi uwanja wetu ulijaa watu, na mama hakuwepo. Shangazi Zubeda, dada yake baba, alinishika kichwa kwa mikono miwili.

"Mama amekwenda," akasema.

Sikulia. Mama alikuwa na desturi ya kwenda. Hata kule kambini, akikosana na baba, alifunga kitenge chake cha kijani, akavuka kwenda kwa kaka zake upande wa Zaire, akakaa huko hadi hasira ziishe. Akirudi hurudi na karanga. Kwa hiyo nilingoja karanga. Nilishangaa tu kwamba safari hii amemwacha mtoto mchanga, na kwamba kitenge cha kijani kilikuwa bado kimening'inia juu ya kamba ndani ya nyumba.

Shangazi ndiye aliyempa mtoto jina, Saida, kwa haraka, kwa sababu baba hakutaka kuzungumza habari za jina. Shangazi alikuwa na wanawe na shamba lake, na matiti yake yalikuwa yamekauka siku nyingi. Mtoto alibaki na baba. Baba alijua kuchimba handaki, kupika maharage ya watu mia, kulala amesimama. Kumlea mtoto wa siku chache hakujua. Aliomba maziwa ya ng'ombe kwa majirani, akayaongeza maji ili yatoshe, akamtilia mdomoni kwa kijiko kikubwa, mtoto akakohoa, maziwa yakamwagikia shingoni. Kila asubuhi Saida alikuwa mdogo kuliko jana. Kilio chake kilipungua pia. Mimi niliona ni jambo zuri. Nilifikiri ameanza kuzoea.

Wakati huo watu wa msaada walikuwa wamefungua mahali pa kulishia watoto kwenye ghala la zamani la tumbaku. Mabati yalikuwa yameibwa zamani, wakatandika turubai juu. Ndani mlinuka majani makavu ya miaka mingi, na juu ya harufu hiyo ukaja uji. Aliyeongoza pale alikuwa Mwalimu Candiru, Mlugbara kutoka Ayivu, mwanamke mrefu aliyevaa raba za kiume zisizo na kamba. Hakugawa uji peke yake. Aliwakalisha akina mama chini, akawafundisha kuchemsha maji, kumwogesha mtoto, kumwimbia, kumwangalia machoni, kumtengenezea kichezeo cha kopo na mbegu. Wengine waliona ni upuuzi, nani hajui kulea? Lakini uji ulikuja baada ya somo, kwa hiyo walikaa. Wakapaita Shule ya Mama.

Siku baba alipoingia pale, Saida amefungwa kifuani kwa shuka, mimi nimeshika suruali yake, wanawake walipiga kelele. Walivuta nguo juu ya vifua vyao. Mmoja alisema kwa Kikakwa kwamba mwanamume huyu amekuja kutazama matiti.

Candiru hakujua Kikakwa. Aliwatazama, kisha akamtazama baba.

"Mzee, mama ya mtoto iko wapi?"

"Hayuko."

"Hawa wanasema nini?"

"Wanasema mimi nitoke."

"Na wewe unasema nini?"

Baba alisimama wima, mikono ubavuni. "Mimi nasema mtoto iko na njaa."

Candiru alifunua shuka, akamtazama Saida kwa muda. Akamgusa mguu. Uso wake ulibadilika, kisha akaurudisha ulivyokuwa.

"Wewe unajua Kiswahili na Kikakwa, yote mbili?"

"Najua."

"Basi kaa hapa karibu na mimi. Tangu nimefika hapa naongea na hawa kwa mikono kama bubu. Wewe utakuwa mdomo yangu."

Hivyo ndivyo baba alivyokubaliwa. Akina mama waliotoka kambi za jeshi walielewa Kiswahili, lakini wengi walikuwa wa shambani, na mwalimu alihitaji mtu. Baba aliketi juu ya debe, uso ameuelekeza mlangoni ili asiwaaibishe, akatafsiri. Alitafsiri namna ya kumshika mtoto anayenyonya. Alitafsiri kwamba chuchu isafishwe. Jasho lilimtiririka, sauti yake ikawa ile ya kutoa taarifa kwa afisa, na wanawake walicheka hadi wakajifuta machozi. Baada ya wiki chache hakuna aliyevuta nguo tena. Walimwita Sajini, wakamletea maswali yao: Sajini, mwulize mwalimu, wangu anakula udongo. Sajini, mwulize, wangu hataki kusimama.

Kwa mtoto wake mwenyewe alikuwa na shida. Siku moja Candiru alimtazama akimlisha, akamshika mkono.

"Mzee, unajaza mtoto kama gari ya mafuta. Ongea naye."

"Niongee nini? Yeye hapana jua kitu."

"Anajua sauti."

Baba alifikiri. Akasafisha koo. "Saida! Fungua mdomo!"

Wanawake walicheka. Candiru hakucheka. "Hiyo ni amri. Mpe habari."

Habari baba aliziweza. Alimweka Saida juu ya magoti, akamtazama usoni, akaanza: "Saida. Leo mvua imenyesha. Barabara mbaya. Muhogo ya upande wa mto imeoza kidogo. Dada yako Halima amevunja mtungi. Adui hakuna." Na Saida, ambaye kwa siku nyingi macho yake yalikuwa yanaelea tu, aliyatuliza usoni mwa baba. Baba aliendelea, kwa hofu, kama mtu anayevuka mto juu ya gogo, akamweleza bei ya sabuni, ng'ombe wa jirani, upepo. Kijiko kilipofika mdomoni, mtoto akameza.

Tangu hapo alimpa habari kila asubuhi na kila jioni. Mwezi ule Saida alipata shavu dogo. Alianza kutoa sauti, na baba alimjibu, "Ndiyo, nimesikia."

Mimi ndiye niliyekuwa na hofu, na hakuna aliyeijua. Nilikuwa nimesikia kwamba aliyekwenda shule ya udereva hutoka dereva, na aliyekwenda shule ya ualimu hutoka mwalimu. Sasa baba alikuwa anakwenda Shule ya Mama. Alipokuwa anaoga nyuma ya nyumba nilichungulia kifua chake nione kama kimeanza kubadilika. Kilikuwa kifua kile kile, na kovu. Lakini mikono ilikuwa inabadilika kweli. Ilishika vitu polepole. Alianza kuketi chini kama mama, miguu upande mmoja. Nilifikiri: akimaliza shule hii, nafasi ya mama itakuwa imejaa. Mama atarudi na karanga zake, atasimama mlangoni, akute mtu mwingine ameshakuwa yeye. Nililala nikiwa na wazo hilo, nikaamka nalo. Baba hakuniuliza mbona sili vizuri. Nilikuwa na umri wa kuchota maji na kufagia. Hakuna aliyemfikiria mtoto mwenye umri huo. Hata Candiru, aliyeona kila kitu kwa wachanga, kwangu aliona mshika kikombe.

Mvua zilipozidi, ugonjwa wa kuhara uliingia Kuluba. Ulipita nyumba kwa nyumba. Saida aliugua ghafla, na ndani ya muda mfupi shavu lile dogo likaondoka, macho yakazama, ngozi ya tumbo ikawa ukiivuta inabaki imesimama. Mto ulifurika na mwalimu hakufika siku yake. Baba alichemsha maji, akayatia chumvi na sukari alivyofundishwa, akaketi naye tangu alfajiri. Saida alitapika. Baba akaanza tena. Alitapika. Habari za baba ziliisha, akawa anarudia jina lake tu, "Saida, Saida," na shangazi Zubeda, akiwa amesimama mlangoni, alisema, "Sajini, yatosha. Mimi nimetuma watu kwa wajomba zake."

Mjomba Taban, kaka yake mama, alifika mchana na baiskeli iliyojaa matope. Niliposikia kengele nilitoka mbio. Nilitazama nyuma yake, kwenye kiti cha mizigo, kisha njiani. Hapakuwa na mtu mwingine. Nikasema moyoni, anakuja polepole, kwa sababu ya karanga.

Mjomba hakuketi. "Shemeji, mimi nakuya kubeba mutoto ya dada yangu."

"Njia mrefu," baba akasema. "Na yeye anaumwa."

"Bibi yangu amezaa. Iko na maziwa ya kutosha watoto wawili. Hapa iko nini?"

"Hapa iko mimi."

Mjomba alimtazama, wala hakuwa na ubaya. Macho yake yalikuwa mekundu. Alisema kwa sauti ya chini, "Wewe hauna maziwa, shemeji."

Baba alimtazama Saida, akatazama kijiko, akatazama mikono yake mwenyewe. Halafu alimfungua mtoto kifuani, akamfunga vizuri katika shuka kavu, kichwa kikae juu kidogo, akampa mjomba. Alifanya hivyo bila kusema hata neno moja, yeye aliyekuwa mdomo wa ghala zima.

Mimi nilifurahi. Mtoto alikuwa anapelekwa kwa mama! Niliingia ndani, nikashusha kitenge cha kijani, nikakikunja, nikamkimbilia mjomba aliyekuwa ameshageuza baiskeli.

"Mjomba, mpe mama nguo yake. Mwambie baba hajamaliza shule. Arudi upesi."

Mjomba alisimama. Akamtazama baba juu ya kichwa changu.

"Huyu hamukumwambia?"

Baba aligeuka, akaelekea nyuma ya nyumba. Shangazi aliufunika mdomo wake kwa kiganja. Mjomba alichukua kitenge, akakitandaza juu ya Saida kumkinga na manyunyu, akaondoka akisukuma baiskeli kwa mkono mmoja. Nilibaki nimesimama. Nilijua nimesema kitu kibaya, lakini kila neno nililolirudia kichwani lilikuwa zuri.

Mwalimu Candiru alifika muda si mrefu baadaye, amelowa hadi kiunoni; maji ya mto yalikuwa yamepungua, akavuka na baiskeli begani. Alitazama kifua cha baba kilichokuwa kitupu.

"Mtoto?"

Baba alimweleza.

"Amekunywa nini leo?"

"Anatapika."

"Anatapika, ndiyo, lakini njiani apewe kijiko kidogo kidogo, bila kusimama. Asipopewa hatafika. Umemwambia shemeji?"

Baba alifungua mdomo. "Mimi nilinyamaza," akasema. "Nilinyamaza tu."

Candiru hakumlaumu. Alimsukumia baiskeli yake. Baba alijaza maji ya chumvi na sukari katika chupa yake ya jeshi, akaitia shingoni, akapotea njiani akikanyaga kwa nguvu, matope yakimrukia mgongoni.

Tulimngoja jioni ile, hakurudi. Asubuhi jua lilikuwa limeshapanda tulipowaona, wanaume wawili wanakuja kwa miguu, wanasukuma baiskeli mbili. Saida alikuwa kifuani kwa baba. Nilifikiri amelala. Shangazi alielewa kwa mbali, kwa namna baba alivyotembea, akaketi chini pale pale alipokuwa.

Ni mjomba aliyetueleza. Baba aliwakuta wamekwama kwenye nyumba ya watu karibu na mpaka, kwa sababu mtoto alikuwa amelegea na mjomba aliogopa kuendelea. Baba alimlisha kwa kijiko usiku kucha. Mara alimeza, mara hakumeza. "Alikuwa anamuongelesha tu," mjomba akasema. "Mambo ya mvua, mambo ya barabara. Mutoto alikuwa anamuangalia, ninaapa, alikuwa anamuangalia. Kukicha hakumuangalia tena."

Walimzika mchana huo. Shangazi alitaka kunipeleka kwa jirani, alikuwa tayari amenishika mkono. Baba alisema, "Mwache." Watu walipoondoka makaburini alinichukua, akanisimamisha mbele ya vichuguu viwili vya udongo, kimoja kimeota majani, kingine kibichi. Alisimama wima. Alizungumza kama anayetoa taarifa, kwa sababu hakuwa na namna nyingine.

"Halima. Hapa ni mama yako. Alikufa. Hakwenda Zaire. Alikufa siku ile ulikwenda kwa jirani. Hapa ni Saida. Amekufa leo. Mimi nilijaribu."

Nilimtazama. Nikamwuliza kwa nini basi alikuwa anakwenda shule. Hakuelewa. Nikamwambia yote, habari ya nafasi ya mama, habari ya kifua chake, habari ya karanga. Maneno yalitoka yakigongana. Sijui aliyasikia yote. Nilianza kumpiga kwa ngumi tumboni, na yeye alisimama tu, akizipokea, mpaka akaketi juu ya udongo mbichi. Hapo nilimwona baba yangu akilia, mdomo wazi, bila sauti. Mimi nililia kwa sauti. Nilimlilia mama ambaye watu wengine wote walikuwa wamekwisha kumlilia, na hapakuwa na mtu wa kulia nami isipokuwa yeye.

Siku za baadaye zilikuwa mbaya. Hakupika. Aliketi karibu na ukuta na kijiko mfukoni. Nilikula kwa shangazi, nikampelekea muhogo, nikaukuta jioni umeliwa na kuku. Wanaume wa senta, kule madukani, waliokuwa wakimcheka kwamba amekuwa mama walikuja kumpa pole, hawakujua wakae wapi. Nilidhani sasa na yeye atakwenda, na kwamba safari hii nitajua maana yake.

Kisha siku ya shule ikafika. Aliamka, akachota maji mwenyewe, akaniogesha. Hakuwahi kuniogesha maishani. Alinisugua masikio hadi yakauma. Alinishika mkono, tukatembea hadi kwenye ghala la tumbaku.

Akina mama waligeuka tulipoingia. Candiru alisimama na sufuria mkononi.

"Mzee. Pole sana." Alisita. "Umekuja kunisaidia kutafsiri?"

"Leo atafute mwingine," baba akasema, kana kwamba mwalimu alikuwa mtu wa mbali. Kisha akamtazama. "Leo nimekuja na mtoto. Hii pia ni mtoto. Mimi hapana jua namna ya kuongea naye."

Candiru alinitazama. Ilikuwa mara yake ya kwanza kunitazama hivyo, kwa muda, kama alivyowatazama wale wachanga. Akaweka sufuria chini. Mwanamke mmoja alivuta mkeka wake, mwenzake akasogea, na mahali pakapatikana katikati yao. Baba aliketi. Akanivuta, akaniweka juu ya mapaja yake. Nilikuwa mkubwa mno kwa hilo. Magoti yangu yalichomoza huku na huku na miguu yangu iliburuta chini. Nilitazama uso mmoja mmoja, nikingoja nione nani atacheka kwanza. Hakuna aliyecheka.